Kuta za Chumba cha Mzee Onchiri

Margret Aluoch nilimleta Magwagwa mimi mwenyewe, tena nikambebea na mkoba. Sitaki mtu aje kuniambia ati alijileta. Nilimtoa Nairobi, nikampandisha basi mpaka Kisii mjini, nikamnunulia ndizi za kuiva pale stendi, tukalala Nyanchwa kwa mume wangu Nyangau, ambaye ni mwalimu huko, na kesho yake nikamfikisha kwa wakwe zangu. Nikamwambia, "Margret, utakuwa macho yangu." Kumbe yale macho yalikuwa na miguu yake.

Utafiti ulikuwa wangu. Mwaka ule wa sabini na tatu sote wawili tulikuwa tunasomea shahada ya pili, na kila mtu chuoni alikuwa na mtu wake wa kuandika habari zake. Wako walioandika juu ya wazalendo waliotoa hotuba wakaishia kuwa mawaziri. Wako walioandika juu ya wachoraji wa kisasa, wale waliosomea ng'ambo wakarudi na ndevu. Mimi nilikuwa na mtu mmoja aliyekuwa yote mawili na hakuna aliyemjua. Huyo ni baba mkwe wangu, Mzee Onchiri.

Mzee Onchiri alikuwa karani zamani za mkoloni, na aliandika makala kali juu ya ardhi na kujitawala, akazisoma kwenye mikutano mpaka wakamfunga. Alipotoka kifungoni alikatazwa kusema mbele ya watu zaidi ya watano. Basi akanyamaza. Akaingia chumba chake cha kulala, akaanza kuchora ukutani kwa masizi, kwa udongo mwekundu, kwa utomvu wa migomba na kwa ile bluu ya kufulia. Uhuru ulipokuja watu walimwita arudi jukwaani, akasema bado hajamaliza ukuta. Nami nikajiuliza: mtu akinyang'anywa jukwaa, fikra zake huenda wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Halikuwa la Margret. Margret alikuwa hana swali lolote, alikuwa anazungukazunguka maktaba akitafuta la kuandika.

Sasa shida ilikuwa moja. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na aliyeolewa na mwanawe. Baba mkwe hakanyagi nyumba ya mwana aliyeoa. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hakai naye ana kwa ana, na chumba anacholala mzee hata mlango wake hausogelei. Mwana mwenyewe akishatahiriwa haingii humo. Nyangau aliuona ukuta wa kwanza akiwa mtoto, na tangu hapo hajauona tena. Alinisimulia juu ya mkutano mzima wa watu wenye masikio makubwa na wasio na midomo, nikakosa usingizi. Mimi mwenye kazi yangu sikuruhusiwa kuiona kazi yangu. Na kamera mzee alikataa katakata. Alisema mkoloni alimpiga picha akiwa ameshikishwa kibao cha namba kifuani, na hiyo moja inamtosha.

Ndiyo maana nikamleta Margret. Yeye ni mtu wa upande wa ziwani, hana undugu na yeyote pale, kwa mzee alikuwa mgeni na binti wa watu. Angeweza kuingia.

Tulipanga hivi. Mimi nilikaa nje kwenye benchi chini ya paa, mgongo ukiwa ukutani, karibu na dirisha dogo la mbao. Margret alikaa ndani na mzee. Maswali niliyaandika usiku na kumpa, naye akayauliza. Nikisikia jibu limekatika nilikohoa, akajua aulize zaidi. Mzee alijua niko pale. Akitaka kunijibu mimi alisema, "Mwambie huyo wa nje kwamba sikuiga mtu." Au alimwambia mbwa. Wallahi, kuna siku alimweleza mbwa maana ya taifa kwa muda mrefu sana, na mimi nikiandika kila neno.

Siku za kwanza nilifurahi. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua inanyesha, chai imechipua, na kazi inakwenda. Wakwe zangu ni Wasabato, wanalima chai ambayo wenyewe hawainywi, kwa hiyo mgeni alipewa uji wa wimbi na maziwa ya mgando. Margret alivisifu vyote. Ana mdomo mtamu, hilo siwezi kumnyima.

Halafu mzee akaanza kucheka.

Nimeolewa katika boma lile miaka, sijawahi kumsikia Mzee Onchiri akicheka. Nilidhani hajui. Kumbe anajua vizuri tu! Margret alisema kitu kule ndani, sikusikia nini, na mzee akacheka kicheko kirefu cha kijana. Roho iliniuma papo hapo. Nilikohoa. Hawakunisikia. Nikakohoa tena, na Margret akachungulia dirishani akaniambia, "Bocha, kunywa maji."

Kunywa maji! Mimi!

Jioni alipotoka alikuwa na masizi puani, macho yanang'aa. Akanisimulia ukuta wa mashariki: ramani ya Magwagwa ambayo mipaka ya mashamba imepita katikati ya matumbo ya watu. Akasimulia bendera inapandishwa, lakini mchoraji ameonyesha miguu tu, miguu ya watu wanaosukumana kupata mahali pa kusimama. "Bocha, ungeona ile bluu," akasema. "Ungeona tu." Alilirudia hilo neno kila jioni, na kila jioni nilitamani kumpiga kofi.

Sikuwa peke yangu. Mama mkwe wangu, Mama Mong'ina, alikuwa jikoni akipukuchua mahindi, na kila kicheko kilipotoka chumbani alirusha kigunzi motoni kwa nguvu. "Kwani wanachekea nini huko?" akaniuliza siku moja.

"Wanazungumzia uzalendo, Mama."

"Uzalendo unachekesha?"

"Mimi mwenyewe sijui, Mama. Niko nje."

Akanitazama vizuri, akaona kitu usoni mwangu, akanisogezea kiti. Tangu siku hiyo tulipukuchua pamoja. Hatukuwahi kumtaja Margret kwa jina. Yeye alisema "yule mwenye soksi", maana Margret alivaa soksi hata uani, nami nilijua.

Likizo ikaisha, tukarudi Nairobi kutoa ripoti kwa mwalimu wetu, Daktari Odero. Mimi nilianza. Nilisema vizuri, nilieleza jinsi usasa wa mzee haukutoka Paris wala kwa Mzungu yeyote, ulitoka kwenye amri ya kunyamazishwa. Watu wakatikisa kichwa kukubali. Kisha mmoja akauliza juu ya rangi. Margret akainuka. Akaeleza ule ukuta, mikono yake ikichora hewani, na hata mimi, mnielewe, hata mimi nilisahau hasira nikasikiliza. Alipokaa walimpigia makofi.

Daktari Odero akavua miwani. "Kwa maoni yangu," akasema, "kazi ni ya aliyeona. Sura hii itakapochapishwa, jina la Margret litangulie."

"Daktari, swali ni langu!"

"Swali zuri sana. Lakini wewe umeona nini, Bochaberi?"

Nikamgeukia mwenzangu. Margret aliangalia viatu vyake. Angesema neno moja, angesema tu kwamba bila Bochaberi asingelijua hata jina la Magwagwa. Hakusema. Daktari alipoona machozi yangu yanakaribia alilegeza kidogo, akasema atakuja mwenyewe Agosti, aingie kile chumba, na kila mmoja wetu asimame mbele ya kuta amweleze. Atakayeeleza vizuri zaidi ndiye mwenye kazi. Nisimame mbele ya kuta! Alikuwa mtu wa ziwani kama Margret, nadhani hakufikiri. Au alifikiri.

Nilipanda basi nikamwendea Mama Mong'ina. Mume wangu nilimpita pale Nyanchwa kama sikumwona. Nilimweleza mama mkwe kila kitu, nikalia juu ya magunzi. Hakunibembeleza. Alipukuchua hindi zima, kisha akauliza, "Yule mwenye soksi ana mchumba?"

"Sidhani, Mama."

"Angwenyi pia hana."

Angwenyi ni shemeji yangu, mdogo wa Nyangau, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Kijana mrefu, anaimba besi kanisani, na wakati ule alikuwa na redio pekee ya betri upande wetu. Nilimwangalia Mama kwa mshangao. Mama huyu huyu alikuwa amesema mwana wake hataoa ng'ambo ya mto Sondu, kwa watu wa ziwani, labda yeye awe kaburini.

"Mama, si ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema lingine. Akiwa mke wa mwanangu, ataingia tena mle?"

Haki ya Mungu, nilimkumbatia. Siyo mimi niliyepanga, na hilo naliweka wazi kwa sababu Margret huwa ananitazama kwa jicho fulani. Alipanga Mama. Mimi nilifurahi tu, na kufurahi si kosa.

Margret aliporudi Juni kumalizia ukuta wa mwisho, ule wa nyuma ya kitanda ambao mzee alikuwa amemwahidi kusogeza kitanda auone, Angwenyi ndiye aliyetumwa kumpokea barabarani. Angwenyi alimsindikiza dukani. Angwenyi alimletea redio asikilize taarifa. Jumamosi Mama alimkalisha Margret kanisani mahali ambapo sauti ya besi inampiga moja kwa moja. Nami nilikuwa nikipita karibu nasema, "Yule kijana ni mpole, ajabu." Haikuchukua muda. Sijui kama aliwahi kupendwa hivyo. Alikuwa anatabasamu peke yake akiosha miguu, na maswali yangu anayasahau kitandani.

Nilimwuliza mara moja, maana mimi si mnyama. "Margret, unajua ukiolewa hapa mambo ya mzee yatakuwaje?"

Akacheka. "Mambo gani? Hata kwetu kuna heshima na wakwe, sitampa mkono, basi. Baba na mimi tunaelewana."

Baba na mimi! Nikafunga mdomo wangu, nikaenda zangu.

Ng'ombe wa mahari walipelekwa kwao Margret mwezi wa saba. Kesho yake asubuhi Margret alikunywa uji, akachukua karatasi zake kama kawaida, akavuka ua kuelekea mlango wa mzee. Mimi nilikuwa tayari kwenye benchi. Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwake anaota jua. Alipomwona anakuja aliinuka, akageuza kiti, akaingia ndani na kufunga.

"Baba," Margret akaita. "Ni mimi."

Kisha sauti ya mzee ikatoka dirishani, imekuwa ile ile anayonisemea mimi. "Mbwa, mwambie huyo mke wa mwanangu akakae na mwenzake."

Margret alisimama pale uani na karatasi zake. Aliona aibu mpaka shingoni. Mimi nilisogea kidogo, nikapangusa benchi kwa kiganja. "Karibu," nikasema. "Hapa ndipo tunapofanyia utafiti."

Nisiwadanganye, ile siku ilikuwa tamu. Alikaa hapo kando yangu akilia polepole, na mimi nilinoa penseli. Sasa tulikuwa sawa. Daktari Odero angekuja siku ya harusi, Jumapili ya pili ya Agosti, angeingia chumbani peke yake, angetoka, na angewauliza wanawake wawili ambao wote hawawezi kusimama mbele ya kuta. Hapo ingebaki akili tu, na kwa akili simwogopi Margret. Jina langu lingetangulia. Nililiona kabisa limechapishwa.

Wiki ya harusi ikafika. Kwetu mwana akioa boma lote linapakwa upya. Ni kazi ya wanawake: udongo na kinyesi cha ng'ombe kwanza, kisha udongo mweupe kutoka mtoni juu yake, mpaka nyumba zing'ae wageni wakitokea barabarani. Wake za majirani walikuja, Bitutu na Kemuma na wengine, wakagawana nyumba. Na udongo mweupe nani aliuteka? Mimi. Nilijitolea. Niliushuka mlima na kuupanda na karai kichwani tangu alfajiri ya Ijumaa, nikiimba. Watu wakasema tazama mke wa Nyangau anavyompenda mke wa shemeji yake. Nilibeba karai juu ya karai, nikamwaga mbele ya mlango wa Mama, naye akaniambia, "Ongeza, hautoshi." Nikaongeza.

Mchana kazi ilikuwa imekwisha nje. Nyumba zote nyeupe. Wanawake walinawa wakaenda zao kujiandaa kwa Sabato, Mzee alikuwa kituo cha chai kumwona Angwenyi, na mimi na Margret tulikaa kwenye benchi tukipumzika. Tulikuwa hatusemeshani sana, lakini tulikuwa tumechoka pamoja. Mlango wa mzee ukafunguliwa, Mama Mong'ina akatoka na karai tupu. Alikuwa mweupe mpaka mabegani. Hata kope zilikuwa nyeupe.

"Mama," Margret akauliza, "ulikuwa unapaka wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kwangu. Kwani si mimi ndiye ninayeoza mwana? Nyumba za watu wote zing'ae, pa kulala pangu pabaki na masizi?"

Margret alipiga ukelele. Aliinuka, akakimbia mpaka mlangoni, akafika kizingitini, na mguu ukakataa. Nilikuwa nyuma yake. Nami wangu ukakataa. Tulisimama hapo mlango uko wazi, tukivuta harufu ya udongo mbichi kutoka chumba cha ndani, na hakuna kati yetu aliyeweza kupiga hatua moja akaone.

"Zote, Mama?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia iko mbali. "Hata nyuma ya kitanda?"

"Kitanda nilikisogeza." Akasema kwa furaha kabisa. "Ule udongo wako ni mzuri, Bochaberi. Unafunika mara moja."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye tope. Nilitaka kumtukana na sikujua pa kuanzia, maana mikono iliyofuta ilikuwa yake na udongo nilikuwa nimeuleta mimi, huku ninaimba.

Mzee alirudi jua likiwa bado juu. Alituona, akageuza uso kama ipasavyo, akaingia. Tulirudi kwenye benchi, tukashikana mikono bila kujua. Tulisikia hatua zake zikifika chumbani na kukoma. Nilingoja apige kelele, avunje kitu. Mtu amezungumza na ukuta tangu siku za mkoloni, na ukuta umefutwa.

Kilichosikika ni sauti ya Mama. Haikuwa sauti ya jikoni.

"Nimelala humu usiku wote huo," akasema. "Nimemwona karani wa mkoloni ukutani. Nimewaona wenye masikio. Umemchora hata punda wa polisi, Onchiri. Umechora mpaka miguu ya watu usiowajua. Kila asubuhi nikiamka nilijitafuta. Mimi simo. Siku zote hizo ulizofungwa, shamba lilikuwa linalimwa na nani?"

Nilimsikia akigonga ukuta kwa kiganja, kisha akaendelea.

"Wakaja wasichana wa kuelezwa. Mimi hakuna aliyeniuliza hata kama ninaona. Haya, sasa pako wazi. Nichore."

"Ukuta bado mbichi," mzee akasema mwishowe. "Ngoja ukauke."

"Nimengoja tangu kabla ya uhuru. Chora hivyo hivyo."

Kitu kikaburutwa sakafuni, nadhani kiti. Kisha mzee akasema, polepole, bila kupitia kwa mbwa wala kwa mtu, "Kaa pale penye mwanga. Nitazame." Na mkaa ukaanza kukwaruza.

Nilikuwa nimemwonea Margret wivu tangu Aprili, nao ulikuwa wivu wa kweli, ulioninyima chakula. Lakini haukuwa kitu mbele ya huu ulionijia pale kwenye benchi kwa ajili ya mwanamke mzee asiyejua kusoma, aliyepakaa udongo mpaka kope.

"Anamchoraje?" Margret akaninong'oneza. "Bocha, unasikia chochote?"

"Sioni," nikamwambia.

Mle ndani mzee alisema kitu cha chini, na Mama Mong'ina akacheka. Mimi na Margret tulikaa tukisikiliza, karatasi magotini, na hakuna kati yetu aliyeandika neno.